Kuinua Hilux kwa spesa: vipimo, kazi yenyewe na mahali panapoharibika

Spesa ni kipande cha chuma, alumini au plastiki ngumu kinachowekwa kati ya springi na chasisi, au kati ya springi na ekseli, ili gari lisimame juu kuliko lilivyotoka kiwandani. Watu wawili wenye vifaa kamili huimaliza kazi kwa siku moja, na bei ya vipande ni ndogo mno ukilinganisha na seti mpya ya springi na shokapu. Ndiyo maana wengi huanzia hapo. Ila ikikosewa kipimo, spesa hiyohiyo huchana buti (vifuniko vya ruba) za shafti za mbele, hula matairi upande mmoja na hupunguza breki za nyuma, na dereva asijue kwa nini gari limechelewa kusimama.

Maelezo haya ni ya Toyota Hilux ya 4x4 yenye springi ya koili mbele na springi za majani nyuma, yaani Vigo, iliyotengenezwa hadi 2015, na Revo iliyoifuata. Ford Ranger za kuanzia 2011 zimejengwa kwa mpango huohuo, hivyo kanuni hazibadiliki, lakini spesa zake ni nyingine na haziingiliani na za Hilux. Gari lenye tosheni baa mbele (fimbo ya chuma inayosokotwa badala ya koili), kama Nissan Hardbody na Isuzu D-Max za kizazi cha kwanza, halina pa kuweka spesa. Hilo huinuliwa kwa kukaza bolti ya tosheni baa. Land Cruiser 79 ina ekseli nzima mbele, na hesabu yake iko tofauti.

Kinachoinuka na kisichoinuka

Spesa huinua chasisi na kila kilichofungwa kwenye chasisi: bodi, bampa, tangi la mafuta, gia boksi, na kwa Hilux hata difu ya mbele (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu). Haiinui difu ya nyuma. Ekseli ya nyuma imeshikwa na magurudumu, kwa hiyo umbali wa difu ile kutoka ardhini unategemea kipenyo cha tairi peke yake. Kwenye njia iliyochimbwa na malori, yenye mifereji miwili na tuta katikati, gari lililoinuliwa kwa spesa litaacha kukwaruza tangi na bampa, lakini difu ya nyuma itaendelea kulima tuta kama jana.

Anayetaka difu ipande lazima abadili tairi, na hapo spesa inasaidia kwa njia nyingine: inampa tairi kubwa nafasi ya kukata kona bila kugusa madigadi. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi. La 265/70R17 lina 803. Tofauti ni milimita 27, na difu inapata nusu yake, yaani 13. Spidomita nayo itadanganya kidogo, ikisoma 80 ujue unakwenda karibu 83. Milimita 13 zinasikika chache, lakini kwenye mawe ndizo zinazotenganisha kugusa na kupita.

Usitarajie pia kwamba spesa itaongeza uwezo wa kubeba. Springi ni ileile, ekseli ni ileile, na uzito ulioandikwa kwenye kibao cha gari haubadiliki hata kilo moja. Springi iliyochoka ikawekewa spesa itabaki imechoka. Gari litaonekana limesimama vizuri likiwa tupu, kisha litalala siku ya mzigo. Kama nyuma ya gari yako imekaa sawa na mbele, au iko chini yake, ilhali halina mzigo, nunua springi kwanza. Na kumbuka uzito umepanda juu: gari lililoinuliwa sentimita 5, lenye keria na madumu ya maji juu ya paa, halikati kona kwa mwendo uliouzoea.

Vitu vinne vinavyoitwa spesa

Ukiingia duka la vipuri ukaomba "spesa za Hilux", unaweza kupewa kitu chochote kati ya vinne, na ni kimoja tu ndicho tunachokitaka mbele.

Ya kwanza ni spesa inayokaa juu ya sahani ya shokapu, kati ya sahani hiyo na kikombe cha chasisi. Haigusi springi wala haiikandamizi. Inaisukuma shokapu nzima chini. Ugumu wa gari unabaki ule wa kiwandani. Hii ndiyo yetu.

Ya pili inakaa ndani, kati ya springi yenyewe na sahani ya juu. Ili iingie, lazima springi ikandamizwe kwa mashine, na baada ya hapo inaishi imebanwa kuliko ilivyoundwa. Gari linakuwa gumu, na kila gurudumu linapoachia chini shokapu inagonga mwisho wake kwa kishindo. Kwa barabara zetu za changarawe zilizojikunja kama bati, spesa hii humaliza shokapu mapema. Iache.

Ya tatu ni ya bodi, vikombe vinavyowekwa kati ya kabini na chasisi. Inatoa nafasi ya tairi, lakini tumbo la gari linabaki palepale, na inadai kurefusha au kusogeza mpini wa usukani, shingo ya mafuta na mabomba. Ya nne ni ya rimu, inayofungwa kwenye haba (kitovu cha gurudumu) kupanua nyayo za gari. Hiyo haiinui chochote, na inaongeza mzigo kwenye beringi.

Milimita 25 mbele zinatoa 50

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Shokapu ya mbele ya Hilux haijafungwa penye gurudumu. Imefungwa takribani katikati ya mkono wa chini, kati ya bawaba yake kwenye chasisi na boljointi (kiungo cha tufe upande wa gurudumu). Ukiisukuma shokapu chini milimita 25, ncha ya mkono, penye gurudumu, inashuka karibu mara mbili. Kwa hiyo spesa yenye unene wa milimita 25 inainua gari takribani milimita 50, na anayetaka "inchi mbili" akanunua chuma cha inchi mbili anapata gari lililonyanyuka karibu sentimita 10, lenye shafti zilizopinda kama miguu ya panzi.

Muuzaji akikwambia "hii ni ya 50", muulize: hamsini ya unene au ya kuinuka? Kisha ipime mwenyewe kwa rula. Kwa Land Cruiser 79 spesa inakaa na springi juu ya ekseli nzima, hivyo milimita moja inatoa milimita moja, na muuzaji anayeuza aina zote mbili anaweza kuzichanganya bila nia mbaya.

Mwisho wetu mbele ni kuinuka milimita 50, na sababu iko kwenye mwendo wa gurudumu. Spesa haibadili urefu wa mwendo wa shokapu, inauhamishia chini. Gurudumu likining'inia shimoni, sasa linashuka milimita 50 kuliko zamani. Huko chini boljointi ya juu inafika mwisho wa mzunguko wake, mkono wa juu unasogelea koili, na sivijointi (kiungo cha shafti kinachokunjika) inazunguka kwenye pembe ambayo buti lake halikukunjwa kwa ajili yake. Upande wa juu nako, shokapu sasa iko chini, inaweza kufika mwisho wake wa ndani kabla mkono haujagonga ruba ya chasisi. Ndani ya 50 vitu hivi vyote bado vina nafasi ndogo iliyobaki. Ukivuka hapo unahitaji mikono mipya ya juu, kuteremsha difu ya mbele na shokapu ndefu, na wakati huo umeshatumia pesa ambazo zingenunua seti kamili ya springi na shokapu, jambo ambalo lingekuwa bora tangu mwanzo.

Kabla ya kununua, simamisha gari mahali tambarare, tangi likiwa nusu, upepo wa matairi sawa, bila mzigo. Pima kutoka katikati ya haba hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, uandike. Usipime kutoka ardhini, maana tairi lililolika litakudanganya. Tuseme umepata 500 mbele na 545 nyuma. Ukiinua mbele 50 na nyuma 25, utakuwa na 550 na 570: nyuma bado iko juu kwa milimita 20, na hizo ndizo zitakazomezwa na mzigo. Wanaosawazisha mbele na nyuma kabisa kwa ajili ya sura hujuta wakipakia magunia, mkia unalala na taa zinaangaza miti.

Kama upande mmoja uko chini kuliko mwingine kwa zaidi ya milimita 10, tafuta sababu kabla ya kuziba kwa spesa nene zaidi. Mara nyingi ni koili iliyovunjika mzunguko wa chini kabisa, ambao hauonekani hadi uipanguse tope.

Vifaa na vipande

Kwa mbele: spesa mbili za alumini au chuma zilizochongwa kwa mashine, pamoja na stadi na nati zake, na splitipini mpya za boljointi. Kwa nyuma: bloku mbili (spesa za springi za majani), yubolti nne mpya (bolti za umbo la U) na nati zake nane. Jeki mbili, moja ikiwa ya troli, stendi nne za chuma, kabari za magurudumu, boksi za 14, 17, 19 na 22 pamoja na 21 ya nati za gurudumu, nondo ndefu ya kukandamizia mkono, nyundo ya kilo moja na nusu, mafuta ya kulegeza kutu, rangi nyeupe ya kuwekea alama, na spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Spana ya toki si anasa kwenye kazi hii. Fundi akikosa, azima.

Spesa za kuchongesha karakana zinafaa iwapo fundi atatumia alumini nzito au chuma kizima, na matundu yake yakafuata yale ya sahani bila kulazimisha. Bomba lililokatwa na kuchomelewa vibati juu na chini halifai: weldi inapasuka kwa mtikisiko, na spesa ikipasuka barabarani gari linadondoka sentimita 5 upande huo kwa ghafla. Mbao, hata ya mninga, usiweke.

Magari yaliyoishi pwani yana adha yake. Bolti za mikono ya chini, zile zenye sahani ya duara ya kurekebishia alaimenti (pembe za magurudumu), hugandana na kutu ndani ya bushi. Zipulizie mafuta siku mbili kabla, asubuhi na jioni, na uhakikishe zinazunguka kabla hujafungua kitu kingine. Zisipozunguka, gari likishainuliwa halitapata alaimenti, na utalazimika kuzikata kwa msumeno na kununua bushi mpya.

Mbele

Weka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, legeza nati za magurudumu ya mbele gari likiwa chini, kisha inua na uweke stendi chini ya chasisi, nyuma ya mikono. Usiweke chini ya mkono wenyewe, kwa kuwa mkono unatakiwa uwe huru. Toa magurudumu yote mawili na fungua linki za stabilaiza (fimbo inayounganisha mikono ya pande mbili) pande zote mbili. Ukifanya upande mmoja huku mwingine umefungwa, stabilaiza itauvuta mkono juu na utapigana nao asubuhi nzima.

Fungua vishikizo vya hosipaipu ya breki na vya waya wa ABS. Weka jeki chini ya mkono wa chini, iguse tu. Toa splitipini ya boljointi ya juu na ulegeze nati yake hadi ibaki na nyuzi tatu au nne, usiitoe yote. Piga nyundo pembeni mwa pua ya nako (chuma kinachobeba haba), pale boljointi inapoingia, mapigo mawili matatu ya nguvu, na itaachia. Ile nati iliyobaki ndiyo inayozuia nako isidondoke usoni mwako. Sasa itoe, na funga nako kwa waya kwenye chasisi ili isiangukie nje. Ikianguka inavuta shafti, na sivijointi ya ndani inaweza kuachana ndani ya buti bila wewe kuona. Isining'inie kwa hosipaipu pia.

Juu ya kikombe cha chasisi utaona nati ndogo zinazozunguka, kwa kawaida tatu, mara nyingi za boksi 14, na nati moja kubwa katikati. Nati ya katikati usiiguse. Hiyo ndiyo inayoishikilia springi iliyobanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo; ikifunguka, springi inaruka na sahani yake kwa kasi ya kuua mtu. Fungua zile ndogo tu, tena acha moja ikiwa na nyuzi chache hadi bolti ya chini itoke. Bolti ya chini ikigoma, inua au shusha jeki kidogokidogo huku ukiizungusha. Kuna mahali itateleza yenyewe. Toa shokapu na springi yake kama kitu kimoja.

Pangusa sahani ya juu kwa brashi ya waya. Kaa chini uiangalie spesa kwa makini kabla ya kuifunga: ina matundu yanayopokea stadi za shokapu, na stadi zake zenyewe zinazokwenda kwenye chasisi. Ifunge kwa nati zake, M10 za daraja la 8.8 zikikazwa kwa Nm 45 hadi 50, pamoja na gundi ya nati, maana hapa hutafika tena bila kushusha shokapu. Kisha pitisha rula juu ya spesa. Stadi za kiwandani, na nati zake, zisizidi uso wa spesa hata kwa milimita moja. Zikizidi, zitagonga chasisi kabla spesa haijakaa. Utakaza ukidhani imebana, na baada ya siku chache za barabara mbovu spesa italegea na kuanza kugonga. Kata kilichozidi kwa msumeno.

Rudisha shokapu, juu kwanza kwa mkono, chini baadaye. Itakuwa ndefu kuliko nafasi, kwa hiyo mtu mmoja akandamize mkono wa chini kwa nondo huku mwingine akipenyeza bolti. Angalia tundu la chini limelala sambamba na bolti; shokapu ikiwa imezunguka, legeza nati za juu uigeuze, usiilazimishe. Kaza nati za juu kwa toki iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bolti ya chini iishie kwenye kugusa tu kwa sasa. Bushi yake ni ruba iliyoshikana na chuma pande mbili, na ukiikaza gurudumu likiwa limening'inia, itakuwa imesokotwa kila wakati gari likisimama, na itachanika.

Rudisha nako kwenye boljointi ya juu, kaza nati yake, weka splitipini mpya, na urudishe vishikizo vya hosipaipu na waya. Kabla ya kurudisha gurudumu na linki, fanya jaribio linalorukwa na mafundi wengi. Inua mkono kwa jeki, taratibu, kisha ushushe hadi mwisho, huku mwenzako akikata usukani kushoto na kulia. Angalia vitu vitatu: mkono wa juu na koili, pengo lipitishe angalau kidole, mikunjo ya buti la shafti, isisuguane ikafungana, hosipaipu na waya wa ABS, visivutike hata nyuzi moja. Vikivutika, sogeza kishikizo chake chini, usikate wala kuunga. Chochote kikigusa hapa kitagusa porini mara elfu.

Linki za stabilaiza zifungwe mwisho, magurudumu yote mawili yakiwa kwenye kimo kimoja. Nati za gurudumu la Hilux ni Nm 105. Gari likishashuka, lisukume mbele na nyuma mita chache, likandamize bampa mara kadhaa, halafu ukaze bolti za chini za shokapu zikiwa zimebeba uzito.

Nyuma

Hapa kazi ni nyepesi zaidi, ila fanya upande mmoja kwa wakati. Ukifungua yubolti zote nne pamoja, ekseli itajizungusha na pua ya difu itaangalia chini, na kuirudisha ni mateso.

Chasisi kwenye stendi, ekseli kwenye jeki. Fungua shokapu chini, toa yubolti, shusha ekseli polepole huku ukiangalia hosipaipu ya breki inayotoka chasisi na bomba dogo la kupumulia difu. Weka bloku: pini yake iingie kwenye tundu la kikalio cha ekseli, na tundu lake la juu lipokee kichwa cha senta bolti ya springi (ile inayofunga majani pamoja). Bloku isiyo na pini itatembea, na ekseli itakaa mshazari. Upana wake uwe sawa na upana wa springi. Bloku sambamba inatosha kwa milimita 25 hadi 40. Ukiwa nazo zenye mteremko, ncha nyembamba iangalie mbele, ili pua ya difu ielekee juu.

Usipandishe bloku juu ya bloku. Breki na mwendo wa injini hutaka kuizungusha ekseli, na bloku ni mtaimbo unaoisaidia. Kadiri inavyokuwa ndefu, springi inajipinda kama herufi S, gari linaruka mkia likiondoka mlimani, na yubolti zinalegea. Kwa sababu hiyohiyo bloku haiwekwi kamwe mbele kwenye magari ya zamani yenye springi za majani na ekseli nzima, kwa vile usukani uko hapo.

Yubolti za zamani hazirudi. Zikishakazwa mara moja zimevutika, na hata hivyo ni fupi: kila mguu unahitaji kuongezewa unene wa bloku. Kaza kwa mshazari, kidogokidogo, hadi pengo la bamba la chini liwe sawa pembe zote, kisha toki ya kitabu. Ongeza pia kimo cha ruba ya kugongea kwa unene wa bloku, vinginevyo springi itakunjwa kinyume siku ya shimo kubwa.

Kwa gari la mzigo wa kila siku, jani moja la ziada kwenye springi ni bora kuliko bloku; linainua na kusaidia springi kwa pamoja. Shekeli ndefu (vishikio vya ncha ya nyuma ya springi) nazo zipo, lakini zinatoa nusu tu: shekeli iliyoongezwa milimita 50 inainua 25.

Valvu ya breki ya nyuma

Hilux zisizo na ABS zina valvu ndogo kwenye chasisi, karibu na ekseli ya nyuma, yenye kijiti kilichoungwa na ekseli. Gari likilala kwa mzigo, kijiti kinapanda na valvu inaachia presha zaidi kwenda breki za nyuma. Likiwa tupu, presha inapunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasikwame na gari likageuka. Ukiweka bloku, ekseli imekwenda mbali na chasisi, na valvu inaamini gari ni tupu kuliko tupu. Pakia tani moja, teremka mlima, na breki za mbele ndizo zitakazofanya kazi peke yake hadi zianze kunuka.

Dawa yake ni rahisi. Kabla hujafungua chochote, pima urefu kutoka kishikizo cha kijiti kwenye ekseli hadi chasisi, uandike. Baada ya kuinua, inua kishikizo hicho kwa kipande cha chuma chenye kimo sawa na bloku, hadi kipimo kirudi kilekile. Jaribu kwenye changarawe isiyo na watu, gari tupu, kwa kilomita 30 kwa saa: ukikanyaga kwa nguvu, magurudumu ya mbele ndiyo yakwame kwanza. Ya nyuma yakitangulia, umezidisha. Karakana yenye geji ya presha itaiweka kwa usahihi zaidi, na ni vizuri kuipeleka.

Alaimenti na kilomita za mwanzo

Endesha moja kwa moja hadi penye alaimenti, usisubiri wikendi. Too, yaani jinsi pua za matairi zinavyoelekea ndani au nje, inabadilika mara tu gari linapoinuka, na tairi jipya linaweza kulika pembeni ndani ya kilomita mia chache. Mwambie fundi aanze na kasta (mlalo wa usukani mbele-nyuma) na kamba (mlalo wa tairi ndani-nje) kupitia zile bolti za mkono wa chini, pande zote mbili zilingane, kisha amalizie na too. Usikubali arekebishe too peke yake. Kuinua gari kunapunguza kasta, na usukani wenye kasta ndogo haurudi wenyewe baada ya kona na gari linatangatanga kwenye lami. Kama bolti zimefika mwisho na kasta haijatosha, ama punguza spesa, ama nunua mikono ya juu iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa.

Rekebisha taa usiku huohuo, zimepanda na zitapofusha wanaokuja. Mjulishe pia anayekukatia bima, kwa maandishi.

Yubolti, nati za juu za shokapu na nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 100, kisha 500, kisha 1,000. Rangi nyeupe uliyonayo ichore mstari kupita kwenye nati na chuma chake. Mstari ukivunjika, nati imezunguka, na utaiona hata bila spana.

Baadaye, sikiliza. Kishindo kimoja kikavu mbele kila gurudumu likiachia shimoni ni shokapu au boljointi inayofika mwisho wake, na spesa ni nene mno. Mlio wa kugongagonga kwenye changarawe ndogo ni spesa au linki ya stabilaiza iliyolegea. Mtetemo unaokuja unapoondoka, ukaisha mwendo ukiongezeka, ni pembe ya propela shafti. Kwa Hilux yenye propela ya vipande viwili, teremsha senta beringi (beringi ya katikati yake) milimita chache kwa wosha nene na ujaribu tena. Na kila ukibadilisha mafuta, ingiza mkono nyuma ya gurudumu la mbele upapase ndani ya rimu. Mistari ya grisi mbichi hapo maana yake buti limechanika. Likishughulikiwa wiki hiyo ni buti na grisi, likiachwa kwenye vumbi mwezi mzima ni shafti nzima.